Sumu kwangu, si kwake

Siku tuliyomzika mama mkwe wangu, wanawake wa Vudee walinikabidhi upawa. Mkamwana ndiye mwenye sufuria la matanga, awe anajua kupika au hajui, na nyumba ile haikuwa na mkamwana mwingine. Sufuria lenyewe lilikuwa lile la kijiji, pana kiasi cha kuogeshea ndama, limejaa mahindi na maharage, na moshi wa kuni mbichi ulikuwa umetutoa machozi ambayo watu waliyahesabu kuwa ya msiba. Mama Yunisi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akanisogezea kifurushi cha gazeti na kukifungua kwa vidole vyake vyenye masizi. Ndani mlikuwa na magadi, mawe ya kijivu yenye unga mweupe pembeni, kama yanavyouzwa gulioni Same. “Tia, mama Nakundwa,” akasema. “Bila hayo mahindi yataiva kesho kutwa, na watu wana njaa leo.” Nikayatazama. Jiko zima likanyamaza. Mmoja tu, binti aliyeolewa hapa juzi na ambaye bado hajafundishwa kunyamaza, akamnong'oneza mwenzake, na mtu akinong'ona kwenye jiko la matanga husikika kuliko mhubiri. “Ndiye huyu aliyesema alilishwa sumu?” Ndiye mimi. Sikugeuka. Nilikoroga mahindi yasiyohitaji kukorogwa, masikio yakiwaka moto, nikijua kwamba yule binti hakuwepo wakati ule, alikuwa mtoto wa shule, na bado neno lile lilikuwa limemfikia likiwa zima.

Mimi si mzee. Meno ninayo yote, na hasira ninazo zote pia, kwa hiyo asitegemee mtu kwamba nitasimulia mwaka ule kwa upole wa bibi anayeota jua. Ulikuwa mwaka ambao kijiji chetu kiliandikishwa kuwa cha ujamaa. Kule bondeni watu walihamishwa na kubomolewa nyumba. Huku milimani tungehamia wapi, kwenye mawingu? Walituletea kibao chenye jina la kijiji, wakatupimia shamba la pamoja kwenye mteremko usiofaa hata kwa mbuzi, na wakatuletea maneno. Maneno yalifika kabla ya majembe. Mnyonyaji, mrija, bwanyenye, na lile lililopendwa kuliko yote kwa sababu kila mwenye ng'ombe alilielewa mara moja: kupe. Asiyefanya kazi ni kupe. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeolewa na Eliewaha aliyekuwa akinunua samaki wa ushirika kule kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, na nilikuwa na mimba iliyokaribia. Msomi, mke wa mtu wa samaki, tumbo mbele. Kama kungekuwa na mtu wa kwanza kuitwa hivyo, nilikuwa mimi.

Nakundwa alizaliwa wakati wa baridi, katika chumba cha nyuma cha mama mkwe, na ndani ya chumba kile nilikaa nikitunzwa kama inavyompasa mzazi. Nakikumbuka chumba kile kuliko darasa lolote nililosomea. Kitanda cha kamba. Dirisha la ubao lililofunguliwa kiasi cha kupitisha mkono ili baridi isinipate. Magunia ya mahindi yamepangwa ukutani. Juu ya moto, ukuta wa pili, perege wa chumvi aliowaleta Eliewaha wametundikwa kwa mkia, na harufu yao ikaingia hadi kwenye nepi. Mama aliingia na bakuli kabla jua halijatoka, akarudi na bakuli mchana, akarudi tena jioni. Makande yaliyolainishwa kwa magadi hadi mahindi yakapasuka kama maua. Mchuzi wa perege, mzito, uliokaza ulimi. Na kikombe cha mwisho, supu ya mafuta ambayo ndani yake alitia kipande kingine cha magadi, kukata mafuta na kuteremsha maziwa, kama alivyotiliwa yeye na mama mkwe wake. Alisimama mlangoni akanitazama hadi nimalize. “Kunywa, mwanangu. Mzazi hana tumbo dogo.” Mikono yake ilikuwa na nyufa za baridi na jembe, na alikuwa na kitambaa cheupe amejifunga kwenye paji la uso, kimekazwa hadi nyusi zimepanda. Alikivaa karibu kila siku. Nilidhani ni urembo wa wamama wa umri wake.

Wakati wa kuja kuona mtoto ulipofika, wageni hawakumsifu mtoto. Walinisifu mimi, au tuseme walimsifu mama kwa sababu yangu. “Mama Eliewaha, mkamwana umemlea.” “Mwone shavu.” “Mwone mguu, kifundo kimepotea kabisa.” Mama Yunisi alinishika mguu akaupapasa kama mnunuzi mnadani, akasema huyu akichinjwa mafuta yatajaza debe, na wote wakacheka, mimi nikacheka nao, na mama akatazama chini kwa haya ya mtu aliyeshinda. Sijawahi kumwona amefurahi kama siku ile. Kidole cha Mama Yunisi kilikuwa kimeacha alama kwenye muundi wangu, kishimo kama kinachoachwa kwenye unga wa ugali, na kile kishimo hakikufutika. Nilikiona. Nilivuta kanga nikakifunika, kwa sababu nilidhani hakikuwa kitu cha kuonyesha wageni.

Shuleni nilikuwa nimechora moyo. Vyumba vinne, damu safi nyekundu, damu chafu ya bluu, mishale inakoelekea, na mwalimu aliubandika mchoro wangu ukutani. Nilijua moyo ni pampu. Nilijua yote hayo, na pumzi ilipoanza kunikatika nilidhani ni uvivu. Kwanza ilikuwa kupanda kutoka kijitoni na ndoo. Halafu kutoka uani hadi mlangoni. Halafu kulala chali: nikilala, kitu kama maji kilipanda kifuani, nikashtuka nikihema na kikohozi kikavu, hadi nikajifunza kulala nimeketi, nimeegemea gunia la mahindi, mtoto kifuani. Moyo ulikwenda mbio hata nikiwa nimetulia. Mama alidhani nakesha kwa ajili ya mtoto, akawaambia watu kanisani kwamba mkamwana wake ana mapenzi ya ajabu. Ningemwambia nini? Kwamba kula nakula, kulala nalala, kazi sifanyi, na bado nimechoka? Zahanati walinipa klorokwini na dawa ya kikohozi, mganga wa pale akaniuliza kama nina mawazo. Nilikuwa na umri ambao wasichana wenzangu walipanda mlima Shengena kukata kuni na kurudi wakiimba. Niliona aibu, basi. Aibu ilinifunga mdomo kuliko ugonjwa.

Miezi yangu ya mzazi ilipokwisha, niliitwa shamba la kijiji kama kila mtu. Katibu wa kijiji alikuwa kijana aitwaye Zakaria, aliyeishia darasa la saba na asiyesahau kwamba mimi niliendelea. Nilipiga jembe kidogo, nikasimama. Nikapiga tena, nikaketi juu ya jiwe, na vidole vyangu vikawa na rangi ya zambarau. “Ndugu zangu,” Zakaria akasema kwa sauti ya mkutano, “msomi wetu anaandaa risala.” Watu wakacheka. Nikamwambia nipishe nipumue. “Pumua, mama, hewa ni ya umma. Lakini huyu hana moyo wa kazi. Na asiye na moyo wa kazi anaitwaje?” Watoto wa shule, walioletwa kujifunza kilimo, wakajibu kwa pamoja jinsi walivyofundishwa. Kupe. Aliyekuwa akilima mstari wa pembeni yangu alikuwa mama. Aliumaliza mstari wangu pamoja na wake, kitambaa kichwani kimelowa jasho, na nyumbani jioni ile akaniongezea mchuzi, maana mtu asiye na nguvu hajashiba.

Nilianguka Jumapili moja nikiwa natoka kanisani, na ndipo ikaamuliwa nishushwe Same. Wakaleta machela, wakanilaza, na mara tu nilipolazwa nikaanza kuzama pale pale juu ya nchi kavu. Nikajitupa chini. Wakanilaza tena, nikajitupa tena. Mama ndiye aliyesema, “Leteni kiti. Huyu halali, mimi namjua, huyu hukaa.” Wakafunga kiti cha mchungaji kwenye miti miwili, wakaniketisha, wakanibeba mabegani kuteremka mlima, na mmoja wa wabebaji wa mbele alikuwa Zakaria mwenyewe. Nilisikia kila neno, kwa sababu wabebaji hudhani mgonjwa hana masikio. “Bwana DC alibebwa hivi hivi,” akasema mmoja. “Tulipigania uhuru ili tusibebe watu vitini.” “Bwana DC alikuwa mwepesi.” “Lakini huyu ni kupe au si kupe?” “Kupe hujibandika mwenyewe, huyu tumembandika sisi.” Wakacheka, na kiti kikacheka nao, na mimi juu yake, mtu mzima na mama wa mtoto, nikitazamwa na kila mlango tuliopita. Mama alitembea nyuma na Nakundwa mgongoni na bakuli la makande kichwani, ili nisikae na njaa huko niendako. Kwenye kona moja nilikohoa, nikatema povu lenye rangi ya waridi kwenye bega la Zakaria. Alilitazama. Hakuna aliyefanya mzaha tena baada ya hapo. Walikimbia.

Daktari aliyenipokea alikuwa mtu wa haraka, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliniuliza nalalia mito mingapi. Nikasema silalii mito, naegemea gunia la mahindi. “Tangu lini?” Tangu mtoto alipoanza kucheka. Akabonyeza muundi wangu kwa kidole gumba, akakitoa, na sote wawili tukalitazama lile shimo. “Hii si nyama. Ni maji. Hakuna mtu nyumbani aliyeona kwamba umevimba?” Nikamwambia wote wameona, wamempongeza mama mkwe wangu. Akasikiliza kifua muda mrefu, akanipeleka kupigwa picha ya kifua, akarudi na kusema moyo wangu umetanuka, umekuwa mkubwa na mlegevu, hausukumi damu inavyopasa, kwa hiyo maji yanabaki nyuma, miguuni na kwenye mapafu. Nikacheka. Aliniuliza nacheka nini. “Kule kijijini wanasema sina moyo kabisa.” Hakucheka. Alinieleza kwamba ugonjwa huu huwapata baadhi ya wanawake mwishoni mwa mimba au katika miezi ya baada ya kuzaa, hakuna ajuaye vizuri kwa nini, si kosa la mtu, na kwamba wengine hupona kama wakiwahi. Kuhema ukilala, kuvimba miguu, moyo kwenda mbio, kukohoa bila mafua: hayo mzazi akiyaona asingoje. Akanipa vidonge vya kukojoza maji na vingine vya moyo. Akasema nisizae tena, maana mimba nyingine ingeweza kuniua. Alilisema kama mtu anayesema funga mlango. Kisha akauliza nakula nini, nami nikamwambia, na kila nilipotaja chakula alikunja uso zaidi. “Chumvi inashika maji mwilini. Samaki yule ni chumvi. Magadi ni chumvi pia, tena mbaya, kwa sababu hamuihesabu. Kwa moyo kama huu, chumvi ni sumu. Umenielewa? Sumu.”

Nilimwelewa. Nililishika neno hilo moja katika yote aliyosema, nikalala nalo wodini, nikaamka nalo, nikalipandisha mlimani. Ningeweza kushika lile la kwamba si kosa la mtu. Sikulishika. Nilikuwa nimeitwa kupe mbele ya watoto, nimebebwa kama DC, nimeambiwa sitazaa tena, na hasira ilihitaji mahali pa kutua. Nilipofika uani, mama alikuwa ameandaa. Wanawake walikuwepo, mkeka umetandikwa, makande yanafuka, perege juu yake. Nilikuwa nimepungua, maji yametoka, mifupa ya uso imerudi, na mama akaniona akashika kifua. “Wamekukausha, mwanangu. Kaa ule.” Nikasema nikiwa nimesimama, “Shikamoo mama.” “Marahaba, kaa.” Nikasema, “Sili. Daktari amesema umenilisha sumu.”

Hivyo ndivyo nilivyosema. Si chumvi ni sumu kwa moyo wangu. Umenilisha sumu. Mama Yunisi aliweka bakuli lake chini taratibu sana. Mama alinitazama, kisha akalitazama sufuria, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha ndani. Ningeweza kurekebisha sentensi pale pale. Nimefaulu Kiswahili, sentensi naijua. Niliingia chumbani nikafunga mlango, na nilipotoka lile neno lilikuwa limeshavuka mto. Ugomvi wa wakwe ni wa kawaida, watu huusikia na kuusahau, lakini sumu katika milima yetu ni neno lenye kesi ndani yake. Eliewaha alipopanda kutoka bwawani alikuwa ameshalisikia kule kule kwenye majaba ya samaki, kutoka kwa mtu wa lori. “Ati mama amekutilia nini?” akauliza, amesimama na kapu la perege mkononi. Nikamweleza. Akasema, “Sasa si ungesema chumvi?” Halafu akaenda kumwamkia mama yake, akakaa naye bila kusema lolote la maana, na akarudi kwenye samaki wake. Wanaume wa nyumba yetu ndivyo wanavyopatanisha.

Balozi wa nyumba kumi, Mzee Yafeti, akaona hana budi kuita kikao. Tukakaa uani kwake, kwenye mabenchi ya kanisa, mimi upande huu na mama upande ule, kuku wakipita katikati. Mama alikuja na chungu kichwani. Hakusubiri kuulizwa. Alikitua, akamwomba mke wa balozi alete magadi ya nyumbani kwake mwenyewe, ili isisemwe kwamba alikuja nayo, akayaponda mbele yetu, akatia konzi nzima ndani ya makande yale yaliyokwisha kuiva, akakoroga na kuanza kula. Alikula bila haraka, kijiko baada ya kijiko, macho kwa balozi, kitambaa chake cheupe kikiwa kimekazwa kwenye paji la uso. Hakuna mtu anayeweza kula magadi kiasi kile kwa raha. Midomo yake ilikauka na machozi yakamtoka, lakini hakuacha. “Kama ni sumu,” akasema, “nimeila mbele ya serikali.” Mzee mmoja akasema mwachieni mama wa watu, na watu wakaguna kwa kukubali. Mzee Yafeti akanigeukia mimi. “Mama Nakundwa, wewe umesoma. Tusaidie. Hiki ni sumu, au si sumu?”

Niliona mtego. Nikisema si sumu, bakuli litarudi chumbani kwangu jioni hiyo hiyo, na Nakundwa atabaki bila mama. Nikisema ni sumu, mama ni mchawi. Nikafikiri, nikapata jibu, na niliona fahari kulipata, kama mtoto aliyenyoosha mkono darasani. “Ni sumu kwangu,” nikasema, “si kwake.” Mzee Yafeti akalipenda sana. “Mmesikia. Chakula kimoja, matumbo mawili. Basi kila mmoja ale cha kwake.” Watu wakacheka kwa nafuu, kikao kikafungwa kwa sala, na kwetu vikaanza kupikwa vyungu viwili. Mama alivipika vyote, kila siku, hakuniachia. Changu hakikuwa na chumvi wala magadi wala samaki, alikitia limao na kitunguu na nazi akiipata, alikiloweka tangu jana yake ili kiive chenyewe, na alikiita chungu cha mgonjwa. Chake akakitia magadi zaidi ya zamani. Akija mgeni, alikula mbele ya mgeni. “Mimi mzima,” alisema, akijipakulia. Na angeacha vipi? Kupunguza kijiko kimoja kungekuwa kukiri.

Chungu kile cha mgonjwa kilinirudisha. Si mara moja, na si kabisa. Kabla mwaka haujaisha nililala kitandani nimejinyoosha, nikapanda kutoka kijitoni kwa kupumzika njiani tu. Zakaria, kwa sifa yake, alinipa kazi ya kuwahesabia watu madebe shambani, nikiwa nimeketi, na hakuwahi kulitamka tena lile neno. Kila nilipoteremka kliniki Same mama alikuja nami, maana nani angembeba mtoto? Niliingia ndani nikafungwa mkononi ule mpira wa kupimia presha, nikapimwa, nikaambiwa vizuri, endelea. Mama alikaa kwenye benchi nje, Nakundwa mapajani, kitambaa kichwani. Nilipotoka aliniuliza, “Wamesemaje?” Nikamwambia wamesema vizuri. “Mungu ni mwema. Mimi hiki kichwa tu.” Alisema hivyo, kichwa tu, kama watu wanavyosema mvua tu. Kati ya benchi lake na ule mpira palikuwa na mlango. Sisemi muuguzi angekataa kumpima, kwa sababu hakuwahi kuombwa. Mimi nilikuwa mgonjwa, yeye alikuwa mzima, nilishatoa hukumu mbele ya balozi. Na wanawake walipoanza kuniuliza mbona Nakundwa hana mdogo wake, mbona sasa, kuna nini, ni yeye aliyewajibu kabla sijafungua mdomo. “Mwacheni. Moyo wake nimeuona mimi.” Nilimsikia akiyasema hayo kwa Mama Yunisi kupitia ukutani. Nilikaa na mwiko mkononi, nikatamani angenisema vibaya.

Alianguka mwaka jana kwenye migomba, mdomo umevutwa upande mmoja, mkono wa kulia umekufa. Wengine walisema ni upepo mbaya. Tulimshusha kwa machela, yeye alilala, hakuhitaji kiti. Hospitalini walimpima, muuguzi akapima tena akidhani kipimo kimekosea. Kiharusi, wakasema, mshipa wa kichwani, na presha hii si ya leo wala jana. “Hakuwa akilalamika kichwa?” Nikasema hakuwa akilalamika. Alikuwa akifunga kitambaa. Yule muuguzi alinitazama kama ninavyowatazama siku hizi watu wanaosema kichwa tu.

Nikampeleka nyumbani, nikamlaza kwenye chumba kile cha nyuma, na sasa mimi ndiye niliyeingia na bakuli. Siku ya kwanza aliyoweza kumeza vizuri nilimlisha makande kwa kijiko, yaliyolowekwa, bila magadi, bila chumvi, na limao kidogo. Alitafuna kwa upande mmoja. Alikaa nayo mdomoni muda. Halafu kwa nusu ya mdomo iliyobaki, akikokota kila silabi, akasema, “Hii ndiyo sumu.” Nikatazama jicho lake la kushoto. Lilikuwa linacheka. Nilitaka kusema lile ambalo sikulisema uani kwa balozi, nikalianza, “Mama, ile siku,” na akagonga bakuli kwa mkono wake mzima, ko, ko, kama mtu anayeita. Hakutaka maneno yangu. Alitaka kijiko kingine. Alikula lote, na kesho yake, na hadi wiki aliyokufa, chungu cha mgonjwa, bila mgeni wa kumwonyesha.

Basi siku ya matanga nilikifunga kile kifurushi cha magadi nikamrudishia Mama Yunisi. “Yataiva bila hayo,” nikasema, “tumeloweka tangu jana.” Chumvi nilitia kidogo, kwa kidole. Watu walikula, na wazee wakanung'unika kwamba makande haya ni ya mgonjwa, nikawaacha wanung'unike. Ni baada ya watu kupungua ndipo nilipomwona Mama Yunisi ameketi kwenye kigogo nyuma ya jiko, amefumba macho. Alikuwa amejifunga kitambaa kwenye paji la uso, kimekazwa hadi nyusi zimepanda.

Nikamuuliza kichwa hicho kimeanza lini.

“Ah, kichwa tu, mwanangu. Ni huu moshi.”

“Hicho kitambaa umekivaa pia Jumapili kanisani. Kule hakuna moshi.”

Akafumbua jicho moja. “Unataka kusema na mimi nimekula sumu?”

Yule binti mgeni aliyekuwa anaosha sahani aliacha kuosha ili asikie vizuri. Nikaweka upawa chini. “Sitaki kusema kitu,” nikamwambia. “Zahanati sasa wana ule mpira wa mkononi. Nataka ukae kwenye benchi la ndani.”

“Leo? Siku ya msiba wa mkweo?”

“Leo.”

Alilalamika hadi barabarani, kwamba nina kichwa kigumu, kwamba hata marehemu alisema hivyo. Njia ya zahanati inapanda. Tulisimama kila mahali penye jiwe, mimi nikihema kwa moyo wangu, yeye ameshika kichwa chake, na watu waliokuwa wanarudi kutoka matangani walitupita wakitusalimia. Kijana mmoja akauliza mbona mnakaakaa njiani kama kupe. “Pita zako,” Mama Yunisi akamjibu, “hewa ni ya umma.” Kisha akanishika mkono, tukapanda tena.